Chupa Nne Juu ya Friji la Shangazi

Shangazi yangu hakuwahi kupoteza kitu maishani mwake isipokuwa mume, na huyo naye, kama anavyosema mwenyewe, alijipoteza. Vingine vyote anajua vilipo. Ukimwamsha usingizini ukamuuliza mkasi mdogo uko wapi, atakwambia droo ya pili, upande wa kushoto, chini ya kitambaa cha njano, kisha atakuuliza unautakia nini.

Kazi yake ilikuwa masjala, yaani kile chumba ambamo ofisi hutunza mafaili ya watumishi wake wote. Cha kwake kilikuwa chini kabisa ya jengo, ngazi thelathini na mbili kwenda chini, hakina dirisha hata moja, kina taa mbili ndefu za mirija ambazo moja ilikuwa ikipepesa tangu mimi nasoma shule ya msingi. Rafu za chuma zilifika darini. Humo alikaa miaka thelathini na mmoja, na sweta lake la kijivu, akiingia asubuhi na mapema na kutoka jua linapozama. Hata chakula cha mchana alikila mezani pake, kwa sababu kutoka nje kulimaanisha kumwachia mtu mwingine funguo, na mtu wa kuachiwa funguo alikuwa bado hajazaliwa.

Ofisi nzima walimwita Bi Masjala. Ungemtajia jina la mtumishi, angeinuka bila kugusa rejista, akaenda rafuni moja kwa moja, akarudi na faili na kulipangusa vumbi kwa kiganja. Asingelifungua. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake. Mtunza masjala, alikuwa akisema, anasoma jalada tu, ya ndani hayamhusu. Alibeba siri za watu elfu sita na hakujua hata moja.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimpandisha mori, nacho ni faili pacha. Hilo ni kosa la kumfungulia mtu mmoja mafaili mawili. Barua hii inaingia huku, ile inaingia kule, mwisho wa yote mtumishi amepandishwa cheo katika faili moja na kuachishwa kazi katika lingine. Wasaidizi wawili walipanda zile ngazi thelathini na mbili wakilia kwa sababu ya faili pacha, na Shangazi aliwasimulia mezani kwetu kwa miaka kama watu walioua.

Mimi ni mtoto wa kaka yake, ni msusi, na naishi naye tangu baba alipofariki. Ananiambia nina mdomo mrefu. Namwambia nimeurithi kwao. Nyumba yetu ndogo imejaa karatasi nyeupe zilizobandikwa kwa gundi, zote kwa mwandiko wake wa herufi kubwa. Kopo la sukari limeandikwa SUKARI, ingawa ni angavu na sukari yote inaonekana. Kuna ndoo imeandikwa VIFUNIKO VISIVYO NA VYOMBO. Nilikuwa nikimtania kwamba nikilala mpaka saa nne siku ya mapumziko, nitaamka nimebandikwa karatasi kwenye paji la uso.

Basi mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu, mifupa ilianza kumuuma. Mapaja, kiuno, mbavu. Alikwenda hospitali shingo upande, daktari akampima damu na kumwambia kwamba vitamini D imepungua mno mwilini mwake, na kwamba si ajabu, maana mwili huitengeneza kwa jua, na yeye jua alikuwa akilisikia kwenye taarifa ya hali ya hewa. Akaandikiwa kidonge kikali cha yuniti elfu hamsini, kimoja kwa wiki.

Alirudi nyumbani nacho, akakaa mezani na mkasi na gundi, akaibandika ile chupa karatasi nyeupe kuizunguka yote, akaandika: YA DAKTARI. MIFUPA. JUMATATU. Kisha akaiweka juu ya friji, ikiwa imetazama mbele.

Nami nasema kweli, kidonge kilimfaa. Baada ya mwezi na nusu alikuwa anapanda ngazi bila kushika kiuno. Na hapo ndipo matatizo yetu yalipoanza, maana familia ikasikia kwamba Shangazi sasa anakubali dawa.

Mwanawe wa pekee, binamu yangu, anayefanya kazi nchi ya mbali, alimtumia chupa kubwa kupitia mtu aliyekuwa akija huku, akasema ni ya magoti, ameze moja kila siku. Mdogo wake, shangazi yangu mdogo, mwanamke asiyeweza kukuona na kikohozi bila kukutafutia dawa, akaleta kichupa cha matone: mawili kila asubuhi, ya kuondoa uchovu. Na mimi je? Mteja wangu mmoja alikuwa ameniambia, nikiwa nimeshika kichwa chake, kwamba kuna vidonge vya kalsiamu vinavyoimarisha kucha na nywele za watu wazima. Nikavinunua siku hiyohiyo. Nilitaka na mimi nionekane ninajali.

Shangazi alizipokea zote kama anavyopokea barua. Akazikatia karatasi, akabandika juu ya maandishi ya kiwandani, akapanga mstari: YA DAKTARI, MIFUPA. YA MWANANGU, MAGOTI. YA MDOGO WANGU, UCHOVU. YA MSUSI, KUCHA. Yaliyochapishwa chini hakuyasoma, maana ya ndani hayakumhusu. Maagizo yenyewe aliyafuata kwa uaminifu unaotisha. Kama ni mawili ni mawili, kama ni kila siku ni kila siku, na Jumatatu haikupita hata moja. Chupa ya daktari ilipokwisha aliendelea kwenda na karatasi yake duka la dawa, wakaendelea kumpa. Masjala nzima ilikuwa kichwani mwake, na sheria ya masjala ni kwamba faili halifungwi mpaka ije amri ya maandishi.

Miezi ikapita, saba au minane. Nikaanza kuona kwamba Shangazi anakunywa maji sana. Alikuwa na chupa ya lita nzima mkobani, akirudi ni tupu. Alikwenda choo kila saa, na choo cha ofisini kilikuwa juu, kwa hiyo siku nzima alishinda kwenye zile ngazi. Nikamtania kwamba amepata mchumba ghorofa ya kwanza. Hakucheka. Chakula alikuwa akikisogeza pembeni, tumbo lilimfunga siku tatu nne, na akiinama kufunga kamba ya kiatu alikaa hapohapo kama aliyesahau kilichompeleka chini. Mimi nikasema ni uzee. Shangazi mdogo akasema aongeze matone.

Halafu siku moja mkuu wa ofisi akahitaji faili la mwalimu mmoja aliyekuwa akihamishwa. Shangazi akaenda rafuni moja kwa moja, kama kawaida, na faili halikuwepo. Alilitafuta siku mbili. Mkuu mwenyewe alishuka ngazi zote, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akasimama chini ya ile taa inayopepesa na kusema kwa upole kwamba asijali, kila mtu huchoka. Siku ya tatu faili likapatikana rafu ya mwisho kabisa, kwenye mafaili ya madereva waliokufa. Kwenye karatasi ya kutolea na kurudishia mafaili palikuwa na saini moja tu ya kulirudisha, nayo ilikuwa ya Shangazi.

Niliipata habari hii kwa mhudumu wa ofisi yao aliyekuja kusukwa. Shangazi hakuniambia neno. Alikuja nyumbani, akavua viatu, akakaa kitandani na mkoba wake magotini.

Jumamosi iliyofuata alinituma nimletee miwani kutoka mkobani. Sikuwa na nia ya kupekua, ingawa nakiri ninaweza. Miwani ilikuwa chini ya bahasha mbili. Ya kwanza haikufungwa, nami nikaona neno KUSTAAFU, nikasoma. Ilikuwa barua kwa mkuu wa ofisi, ya tarehe ya Jumatatu inayokuja. Aliomba kuondoka mapema, miezi minne kabla ya siku yake, kwa sababu, aliandika, “akili yangu imeanza kuniacha na sitaki iniache mbele ya watu.”

Bahasha ya pili ilikuwa na kadi, zile kadi ngumu za masjala zenye mstari mwekundu. Kila moja ilikuwa na mtu. Niliyoiona juu iliandikwa: MWANANGU. WA PEKEE. YUKO MBALI. ANAPIGA SIMU JUMAPILI. AKIKUULIZA, SEMA UMEKULA. Chini yake ilikuwa ya mdogo wake: ANALETA DAWA. POKEA TU.

Alikuwa akitufungulia mafaili. Alikuwa na hakika kwamba siku si nyingi atatusahau, akaona atuandike sasa, mwandiko ukiwa bado wake, ili atakapokuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe awe na mahali pa kutazama. Nikasikia ananiita, anauliza kama miwani imepanda ndege. Nikarudisha kila kitu nilivyokikuta, kadi yangu sikuitafuta. Sikuthubutu. Nikasimama uani kidogo mpaka macho yakakauka, kisha nikampelekea miwani na kumwambia mkoba wake una vitu vingi kuliko saluni yangu.

Jumatatu nilikuwa na kazi moja tu, kumfikisha hospitali kabla barua haijafika kwa mkuu. Kumwambia aende kwa ajili yake kungekuwa kupoteza muda. Nikamwambia naumwa mimi, na naogopa sindano, na kama hataki kunisindikiza, basi nitakwenda peke yangu, nikizimia barabarani wataniokota. Alivaa sweta. Njiani aliniuliza naumwa wapi, nikasema kila mahali, akasema hicho ndicho wanachokisikia wasichana wangu wa saluni wanapopaka rangi bila kufungua dirisha.

Tulipoingia kwa daktari nilifunga mlango na kusema mgonjwa ni huyu. Shangazi alinitazama kwa jicho ambalo wale wasaidizi wawili wangelikumbuka. Lakini daktari, yuleyule aliyempa kidonge cha Jumatatu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alikuwa ameshaanza kuuliza, naye Shangazi ni mtu wa kujibu akiulizwa na ofisi. Kiu? Ndiyo. Mkojo? Kila saa. Choo kikubwa? Hakuna. Kichefuchefu? Ndiyo. Halafu akasema, akitazama mikono yake, kwamba ameweka faili mahali pasipo pake. Daktari hakuelewa uzito wake. Mimi nilielewa.

Damu ikachukuliwa. Daktari akauliza dawa anazotumia, Shangazi akasema nne, na akaanza kuzitaja kwa waliozileta. Daktari akaniomba nikazilete zote, kila kitu alichokuwa akimeza, hata kile ambacho sisi hatukihesabu kuwa dawa. Nikaenda mbio nyumbani, nikazikusanya juu ya friji ndani ya boksi la viatu, nikarudi nikihema. Majibu ya damu yalikuwa yametoka, na uso wa daktari ulikuwa umebadilika. Alizipanga zile chupa mezani.

“Mama, nani aliandika haya?”

“Mimi.”

“Na chini ya karatasi zako kuna nini?”

Shangazi alifikiri kidogo. “Ya ndani hayanihusu,” akasema.

Daktari akachukua pamba na spiriti, akaanza kuibandua karatasi ya kwanza polepole, kama mtu anayetoa plasta kwenye kidonda. Akasoma. Vitamini D. Akabandua ya pili, ile ya magoti kutoka nchi ya mbali. Vitamini D, yuniti elfu kumi kwa siku. Ya tatu, matone ya uchovu: vitamini D. Ya nne ilikuwa yangu. Nilianza kutazama dari. Kalsiamu, akasoma daktari, pamoja na vitamini D.

Shangazi alizitazama zile chupa nne zilizovuliwa nguo, moja baada ya nyingine, midomo ikicheza.

“Faili pacha,” akasema.

Daktari aliniangalia mimi, akidhani mgonjwa anaweweseka. Nikamweleza. Nikamwambia kwamba kwa lugha ya Shangazi hayo ni maungamo, na kwamba kuna watu walifukuzwa kwa nusu yake.

Daktari alikaa karibu naye na kueleza taratibu. Vitamini hii kazi yake mojawapo ni kuingiza kalsiamu katika damu. Ikipungua, mifupa inaumia. Ikizidi mno, kalsiamu inajaa katika damu, figo zinahangaika kuitoa, ndiyo ile kiu na ile safari ya choo. Na ziada yake haitoki upesi na mkojo kama ya vitamini nyingine. Inajificha kwenye mafuta ya mwili, inakaa wiki na miezi, ndiyo maana kila wiki ilikuwa ikiongezea juu ya iliyopita. Hakuna chupa iliyokuwa sumu kwa jina lake. Sumu ilikuwa jumla, na jumla haikuwahi kufanywa na mtu yeyote. Kidonge kile kikali chenyewe, akasema, kilikuwa cha wiki nane tu, kisha arudi apimwe.

“Karatasi haikusema,” alisema Shangazi, na kuitoa mkobani, imekunjwa mara mbili sawasawa.

Daktari akaisoma karatasi yake mwenyewe kwa muda. Akasema kweli, haikusema. Akasema alimwambia kwa mdomo, na kwamba alipaswa kuandika. Nilimpenda tangu hapo.

Lakini Shangazi hakuwa akisikiliza tena habari za karatasi. Kulikuwa na kitu alichotaka kuuliza, na niliona jinsi alivyokuwa akikizunguka.

“Hiyo kalsiamu,” akasema. “Inaharibu na akili?”

“Inaivuruga, Mama. Mtu anasahau, anachanganya mambo, anaweka kitu pasipo pake. Ikishuka, mara nyingi kichwa kinarudi. Nitakuangalia mpaka nione kimerudi.”

Shangazi alifungua mkoba, akatafuta leso, na alipokuwa akiitafuta machozi yakamtangulia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa baba. Nikamshika mkono, akaniachia.

Walimlaza siku nne, dripu ya maji mkononi, figo zikifuatiliwa, dawa zote zimesimamishwa. Binamu yangu alipiga simu, nikamwambia magoti ya mama yake yanamshukuru, aache kutuma. Shangazi mdogo alifika wodini na kichupa kipya kwenye kanga, nikampekua mlangoni kama askari. Shangazi mwenyewe, siku ya tatu, alimuuliza muuguzi kwa nini kadi za wagonjwa hazipangwi kwa herufi. Hapo nikajua anarudi.

Haikuwa kazi ya siku moja. Damu ilipimwa tena na tena kwa miezi kadhaa mpaka hesabu ikakaa sawa. Barua ile alirudi nayo nyumbani, akaichana vipande vinne sawasawa, akarudi kazini akamaliza miezi yake yote mpaka siku ya mwisho. Mkuu wa ofisi alishuka tena ngazi zile, safari hii na maua. Shangazi aliyapokea, akamkabidhi mrithi wake funguo, na kumwambia mambo mawili: faili pacha ni mwiko, na siku nyingine fungua usome.

Sasa amestaafu. Asubuhi hukaa mlangoni na kiti chake, mikono wazi, sweta limetundikwa ndani, na jua hilo daktari alisema halimzidishii, ngozi inajua kipimo chake. Juu ya friji kuna chupa moja tu, ya kipimo kidogo alichoandikiwa upya. Maandishi ya kiwandani yako wazi. Karatasi nyeupe ameibandika kwenye kifuniko, imeandikwa: SIMAMA TAREHE KUMI. PIMA KWANZA. Tarehe na amri zimesainiwa na daktari, kwa kalamu yake, maana Shangazi hakutoka ofisini kwa daktari bila saini.

Kadi zile sikumtajia hata siku moja. Juzi, akipanga droo, alinitupia moja mapajani bila kunitazama. Akasema anajua niliziona, kwa sababu nilizirudisha bahasha upande usio wake. Nikamwomba azichane kama barua. Akasema faili la mtu aliye hai halichanwi.

Ilikuwa yangu. Ina mstari mwekundu, na herufi kubwa zilizoandikwa katika ile wiki mbaya, zinapanda na kushuka kidogo:

MTOTO WA KAKA. MSUSI. ANA MANENO MENGI. UKIMKUTA NDANI USIOGOPE, NI WAKO.

Na chini yake, kwa wino mpya na mwandiko ulionyooka:

NDIYE ALIYELETA CHUPA YA NNE. AMESAMEHEWA.